Ufunguo wa Choo cha Baraza

Sogeeni, wanangu, na mmoja aniinue kidogo kwenye mto, maana kulala chali kumenichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Usiniambie nipumzike, mkubwa. Kupumzika kuko mbele yangu tele.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, ila duka la mbele ni la kitinda mimba wangu, aliyenigeuza na kunisafisha wenzake mkiwa kazini, na asije mtu kumsumbua baada ya msiba. Hilo limekwisha. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Fungueni dirisha hilo. Gari la taka limepita leo? Mbona sikulisikia?

Mkubwa, umeniambia kwa furaha kwamba baraza litaupa ukumbi wake jina langu, na kwamba jeneza langu litawekwa pale mbele na joho la umeya juu yake, na wewe umeshawaitikia. Asante, mwanangu. Sasa nisikilize. Nilipoingia ukumbi ule, mwanamke peke yangu kati ya madiwani, hapakuwa na choo cha wanawake. Nikibanwa, navuka barabara hadi sokoni, napanga foleni na wauza mboga, na nikirudi nakuta kura imeshapigwa. Karani mkuu ananichekea, "Pole mama, tulikungoja." Walingoja niondoke! Mradi wa maji wa mtaa wetu ulikufa hivyo, mimi nikiwa kwenye foleni. Tangu hapo, siku ya kikao sikutia kitu kinywani, hata chai. Nilikaa na kiu tangu alfajiri, nikabishana nao mpaka wao ndio wakaomba kutoka. Daktari akiuliza figo hizi zilianza lini kuuma, mwambieni.

Nilipopata umeya, amri yangu ya kwanza ilikuwa choo. Wakacheka mpaka machozi, wakaniita Meya wa Choo, nanyi mkarudi kutoka shule mnalia. Lakini mabomba ya maji, wodi ya wazazi, taa za barabarani, vyote vilipigiwa kura nikiwa nimekaa kitini mwangu.

Sasa yule diwani binti aliyekuja kunijulia hali ananiambia choo kile kimefungwa, wamekijaza viti vibovu, na yeye anavuka barabara kwenda sokoni. Jamani! Jina langu ukutani, na mwenzangu kwenye foleni?

Basi jeneza langu lisiingie ukumbini mpaka viti vile vitolewe na maji yatoke. Wakiwapiga chenga, nipitisheni moja kwa moja makaburini, na joho wabaki nalo. Yule karani, amestaafu sasa, akitaka kunisifu, mwacheni, ila afupishe. Na wakisema watu wasimame kimya kwa heshima yangu, wewe kitinda mimba ingia chooni mle uvute maji, wayasikie wote.

Usiinamishe kichwa, mkubwa. Najua unautaka udiwani, na hao ndio wa kukushika mkono. Naogopa utanyamaza. Ndiyo, nasema waziwazi, naogopa.

Radhi zangu mnazo, nyote. Mungu awape... awape afya, na mpendane. Nipeni maji. Jaza kikombe, leo sina kikao.

Ufunguo wangu wa choo kile sikuurudisha. Huu hapa, mkononi. Chukua, mkubwa... si mdogo wako, wewe. Vuta... Bado nimeushika? Basi nifungue vidole, mwanangu.