Mawaridi na Mvua ya Saa Tisa

Ndugu zangu, leo nakiri. Yale maua ya karatasi mliyokuwa mkiyaona nyumbani kwangu, nikawaambia ni ya mpwa wangu, niliyatengeneza mimi. Sina mpwa. Nina shahada ya jiografia, na kwa miaka mingi niliona haya kwamba mwanamke mzima aliyesoma anakunja karatasi kama mtoto wa chekechea.

Mwaka jana niliacha kazi ya ofisi ili niyatengeneze waziwazi. Nilidhani wateja watakuja. Waliokuja walitaka kujua kama nimefutwa kazi, na walipojua niliacha mwenyewe, nao wakaacha kuja. Nawaambia, nyumba iliyojaa maua na mtu mmoja ina kimya kizito. Nilikuwa nikiwasha redio ili nisalimiwe, hata kama mtangazaji alikuwa akisalimia kaunti nzima.

Kisha mjane mmoja wa Matete akaniagiza shada la mazishi ya mumewe. Nilikunja mawaridi mekundu siku tatu. Sasa niambieni, ni nani hapa Kakamega hajui kwamba saa tisa mvua hunyesha? Ni mimi, mwanajiografia. Jeneza likiwa bado halijashushwa kaburini, mvua ikashuka, na rangi ikatiririka kwenye kitambaa cheupe cha jeneza mpaka kanzu ya mchungaji. Niliondoka bila kuaga. Hata chakula sikula, na mnajua hilo ni tusi.

Wiki hiyohiyo mkubwa wangu wa zamani aliniandikia kwamba meza yangu bado iko wazi, nimjibu kufikia Ijumaa. Nikaandika barua ya kukubali, nikaiacha mezani bila kuituma.

Hapa nimshukuru dada mmoja wetu aliyekuja kuketi nami Alhamisi. Hakunipa pole. Aliyeyusha mshumaa kwenye sufuria, akachovya ua moja, akalimwagia maji. Halikutoa rangi. Mungu akubariki, dada, ingawa sufuria yangu uliiua. Somo langu ni dogo: kazi yako kabla hujaitoa nje, inyeshee mwenyewe. Lakini alipoondoka, kimya kilirudi, na barua ilikuwa palepale.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa yule mjane. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Mvua ya mazishi ni baraka, mwanangu. Watu wa huku wanasema mzee alipendwa mpaka maua yakalia. Sasa tunataka mengine ya ukumbusho. Unachukuanga siku ngapi?"

Niliitazama ile barua. Nikamwambia siku tatu, kwa sababu sina kazi nyingine.