Cherehani ya Benedikto

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Basi la Vudee lilikuwa halijatoka hata mjini Same Rahabu alipoacha kusinzia. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja aitwaye Ernesta alikuwa amepakata cherehani, akimsimulia abiria wa pembeni kwa furaha tele: "Nimeinunua leo kwa Benedikto, fundi wa sokoni. Nimeuza mbuzi wangu wote! Sasa nitashona sare za shule nzima."

Yule abiria, Asheri, aliinama kuichungulia chini, akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Mama, hii ni rehani yangu! Herufi hii hapa chini yake niliichonga mimi. Benedikto nilimkopesha, nikamwachia aendelee kuitumia mpaka alipe."

"Ningejuaje, baba? Nimeikuta kwake, nimelipa, ni yangu!"

"Hawezi kukuuzia kitu alichokiweka rehani!"

"Basi ungekaa nayo mwenyewe!"

Abiria wakagawanyika pande mbili, kila mmoja hakimu. Rahabu, aliyekuwa anakwenda tu kumjulia hali dada yake, alijikuta amesimama akimtetea Ernesta kwa sauti ambayo kwaya yake ya kanisani ilikuwa haijawahi kuisikia.

Basi likasimama Vudee. Ernesta akainyanyua cherehani, ikamlemea. Asheri akashika upande wa pili.

"Twende kwa mwenyekiti wa TANU," akasema.

"Twende. Lakini usiidondoshe, ni yangu."

Wakashuka nayo pamoja, bado wanabishana. Rahabu akawafuata mbio. Dada angesubiri.