Mzee Sixte Barutwanayo na Kikomo cha Pointi

Mzee Sixte Barutwanayo alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2012, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Ngagara, Bujumbura, akasoma hapo hadi sekondari, na kuanzia mwaka 1978 alifundisha hesabu Buyenzi, mpaka vita vya Oktoba 1993 vilipomkimbiza hadi Kigoma, Tanzania. Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na Dorothée, wakajaliwa watoto watatu, Arnaud, Annick na Natacha. Familia ilifika Stockholm tarehe 11 Novemba 1996, ikapewa nyumba katika kitongoji cha Bredäng, na kuanzia 1998 marehemu alisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya Flemingsberg.

Wengi wenu mlimfahamu uwanjani. Ligi yetu ya soka ya kiangazi ilianza 1999 na timu sita za vitongoji, lakini timu ya Bredäng, aliyoifundisha yeye, ilikusanya kila mchezaji mzuri, ikachukua kombe miaka minne mfululizo, na kufikia 2004 timu mbili zilikuwa zimeacha kuja. Majira yale ya baridi, ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani ilifungwa kwa ugomvi wa kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuizidi kwa kuwalipa wachezaji wake, nyota wake wakaja kucheza hapa Sweden, na marehemu, akisoma habari hizo kwenye treni ya kwenda kazini, akaona jambo. Ulaya timu tajiri hununua wachezaji na timu nyonge hushushwa daraja, Marekani timu ya mwisho huchagua chipukizi kwanza, na ligi yetu haikuwa na daraja la kumshushia mtu, aliyechoka kufungwa alibaki nyumbani tu.

Kwa kuwa hakuna aliyelipwa, alipendekeza kila mchezaji apewe pointi, moja hadi tano, na kikosi cha watu kumi na watano kisizidi jumla ya pointi arobaini na tano. Wakakubali, kila kocha akaandika orodha yake. Kwetu mzazi hamsifu mwanawe mbele za watu, naye alimwandikia Arnaud, mshambuliaji wake, mbili. Julai 2005 Arnaud aliwafunga Tensta, timu ya kitongoji kingine, mabao matatu, na nahodha wao, Wasswa, akamwambia marehemu mbele ya wote, "Mzee, kama huyu ni mbili, basi sisi tuandikie sifuri twende zetu."

Watu walicheka, marehemu hakucheka. Alijua Tensta wakiondoka ligi imekwisha, akafuta mbili, akaandika tano, Bredäng ikazidi kikomo kwa pointi tatu, ikabidi mchezaji mmoja atoke, na aliyemtoa ni mwanawe, akampeleka Tensta. Arnaud, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, wiki mbili alimjibu baba yake kwa Kiswidi tu, si kwa lugha ya nyumbani. Septemba Tensta walichukua kombe. Mwaka uliofuata timu mbili zilizoacha zilirudi, na katika misimu saba tangu kikomo kianze kombe limekwenda kwa timu tano tofauti.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Oktoba 2011, naye aliendelea kupanga ratiba akiwa kitandani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bredäng walioleta chakula kila jioni, wafanyakazi wenzake, na Wasswa, aliyemnyoa ndevu hadi juma la mwisho.

Jumamosi, tarehe 25 Februari, makocha wa timu zote sita walikutana Tensta na kupiga kura ya kuendelea na kikomo, sita kwa sifuri.

Baba Arnaud, pumzika kwa amani.