Filipo Lemanya, Aliyetaka Noti Isomeke kwa Vidole

Wazee wetu, shikamooni, na ndugu wote mliofika, poleni, mimi ni Petro, mdogo wake marehemu, wanaonijua wanajua sina subira, basi mnivumilie.

Kaka yetu Filipo Lemanya alizaliwa Zombo tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa mama yetu Paulina, huyu mnayemwona mkekani, naye haoni tangu tukiwa wadogo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1941 hadi 1947, ada ikashindikana, akarudi shambani, na mwaka 1952 akaajiriwa Kilosa kushona magunia katika ghala la pamba. Tarehe 11 Agosti 1956 alifunga ndoa na shemeji yetu Raheli, wakajaliwa Yudith na Stefano.

Mwaka 1969, pale Mikumi, msafiri mmoja alinunua mchele wote wa mama kwa noti ya shilingi mia, akachukua na chenji, kumbe noti ni ya bandia, na mama alipoipeleka dukani aliitwa mwizi mbele za watu, maskini ya Mungu. Filipo aliposikia alilia, nilimwona. Sisi wenye macho tunainua noti juani tukaona kichwa cha twiga ndani ya karatasi, basi yeye akamfundisha mama kupitisha ukucha, maana noti halali inakwaruza na ya bandia ni laini, lakini hata halali ikichakaa hulainika, mama akawa anakataa hela nzuri na wateja wananuna.

Ndipo kaka alipochukua sindano ya magunia, akatoboa nukta kwenye pembe za karatasi ngumu, akapanda treni hadi Dar es Salaam kuiomba ofisi moja noti zitiwe alama za namna hiyo, zisizofutika upesi wala kuigwa kirahisi. Akaambiwa aache jina, ataitwa. Hakuitwa. Watu wa ghalani wakambandika jina la Bwana Benki, naye akawajibu kwamba ni kweli mwenye macho haambiwi tazama, lakini mama yake aambiwe nini?

Mwaka 1974 tulipohamia kijiji cha ujamaa alikabidhiwa duka la ushirika, akaliendesha kwa haki mpaka kifua kilipomlaza Januari mwaka huu, akafariki hospitalini Kilosa Jumanne, tarehe 14 Juni 1977.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi kwenye mawe, wafanyakazi wenzake, na nyote mliotoa rambirambi. Asubuhi hii mama aliomba kuzishika noti hizo mwenyewe, akazipitishia ukucha moja moja, moja akaiweka kando, tukadhani ni kuukuu tu, tukaiinua juani, twiga hayumo. Jamani, hata msibani! Nilitaka tumtafute aliyeitoa, mama akakataa, akasema huenda naye alipewa bila kujua, kama yeye siku ile.

Kaka Filipo, barua ya ile ofisi ya Dar es Salaam haijafika mpaka leo, ila mama hakudanganyika. Pumzika kwa amani.