Kitambaa cha Mama Mkwe

Kwenye basi la kutoka Kondoa, Bibi Paulina alitega sikio kwa waliokaa mbele yake. Mwalimu Naima wa Kolo alikuwa amepakata kompyuta iliyofungwa kanga. “Nikiiwasha, kabla haijafunguka inazima. Ikipoa inajaribu tena, inazima. Fundi wetu anataka kufuta kila kitu, na humo mna matokeo ya mitihani ya darasa zima.”

“Usikubali, dada,” alisema Shaaban aliyekaa kando yake, fundi kompyuta wa Kizota. “Hilo ni joto. Mnaifunika?”

“Kwa kitambaa tu. Mama mkwe alinidarizia, kina tausi wawili na jina langu.”

“Hata mkiiwasha?”

“Saa zote. Akikuta kimetoka, ananuna.”

“Jua la Dodoma hili, na bado mnaivika sweta. Kivueni, vumbi lipulizwe, itawaka.”

“Mwambie wewe, kaka. Hukai naye.”

Bibi Paulina aliwaza kuwa tausi si kazi ndogo; mkia peke yake unamaliza wiki.

Basi likasimama Kizota, Shaaban akashuka. Naima naye akainuka amfuate, kisha akageuka nyuma. “Shikamoo, bibi. Mkweo angekivua, ungenuna?”

“Marahaba. Ningenuna,” alisema Bibi Paulina kwa uhakika. “Mpaka Jumapili tu.”