Fundi Koki na Muda Aliouomba

Waombolezaji wenzetu, huyu kaka yangu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Fundi Koki, alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa pili wa mpiga chapa na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi bomba mwaka 1978, akiwa wa kwanza kwa vitendo na wa mwisho kwa mwandiko.

Aliajiriwa idara ya maji tarehe 2 Januari 1979, akastaafu Juni 2016 na kufungua karakana yake, na tarehe 3 Agosti 1985 alifunga ndoa na muuguzi aliyemwita amzibulie sinki, wakajaliwa wana wawili na binti, kitindamimba, ambaye peke yake ndiye aliyependa kazi ya baba.

Mwezi Februari 2021, baada ya kujidanganya mwaka mzima kuwa ni vidonda vya tumbo, alipimwa kwa kamera ya kuingizwa tumboni, ikaonekana saratani ya tumbo, nayo imeshaingia kwenye tezi za jirani. Daktari mpasuaji alimweleza kuwa dawa itatangulia, dripu nne, iusinyaze uvimbe na kuufuata ugonjwa kwenye tezi, ndipo apasuliwe, naye akabisha, kwani bomba bovu alizoea kulikata siku hiyo hiyo, mpaka alipoelewa kwamba kukata wakati uchafu umeshapita kwenye maungio si kutengeneza. Akakubali, akaomba jambo moja tu, muda wa kumfundisha binti yake kazi mpaka ahitimu.

Dripu zilimtesa, tusifiche, akakonda, na kwa kuogopa kuahirishiwa ya tatu alipanda mizani akiwa na spana mbili mfukoni, bila kujua kwamba dozi hupimwa kwa uzito na kwamba angeweza kujiua kwa ujanja wake. Nesi alizisikia zikigongana, akamjia juu, akampima upya, na marehemu akaomba radhi huku akicheka.

Alipasuliwa tarehe 17 Juni 2021, ukatolewa uvimbe pamoja na tezi ishirini na sita, na maabara ikakuta ugonjwa hai kwenye tatu tu, nyingine tano zikiwa na makovu mahali dawa ilipouua. Alipata karibu miaka mitatu, akala kidogo kidogo, akafundisha kwa ukali, na binti akahitimu ufundi bomba tarehe 8 Desemba 2023.

Ugonjwa ulirudi Januari 2024, akalazwa tena. Tarehe 9 Machi bomba la bafu la wodi liligoma, binti akalitengeneza, baba akiwa kitandani akamtaka afungue na kufunga mara tatu, akasikiliza, akasema limekaa sawa, sasa wamwache alale. Alifariki kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule wa mizani, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Kaka, kazi imepokelewa. Pumzika kwa amani.