Tarakimu Zinazobadilishana Viti

Ndani ya basi la Gatumba, Jérémie, mwanafunzi wa hesabu, alikuwa akimsifia jirani yake namba 142857 kana kwamba ameizaa mwenyewe. «Mara mbili ni 285714. Mara tatu, 428571. Tarakimu ni zile zile sita, zinabadilishana viti tu!»

Mama Waridi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, hakuona muujiza wowote hapo. «Iyo si ni komite yetu ya soko? Tuko watu sita. Mi nilikuwa katibu, kisha mweka hazina, sasa makamu wa rais. Kila uchaguzi ni sisi kwa sisi.»

«Lakini mara saba, mama, mchezo unaisha. Zote zinakuwa tisa, tarakimu kubwa kabisa: 999999.»

Basi likasimama. Mama Waridi akakaza kitenge chake, uso umemng'aa. «Alhamdulillahi! Uchaguzi wa leo ni wa saba. Kumbe wote sita tutakuwa marais!»